Kibumba: Ukibadilishwa goti, kazi kubwa inakungojea nyumbani

Kila asubuhi, kwenye barabara ya taifa nambari 2 inayounganisha Rutshuru na Goma, chukudu zinateremka kutoka Kibumba zikiwa na magunia ya viazi, mashu, karoti na makaa. Mwenye chukudu anaweka goti moja juu ya kipande cha mpira kilichopigiliwa misumari kwenye ubao, na kwa mguu mwingine anasukuma. Akifika penye mlima, anashuka na kusukuma kwa mwili mzima. Pembeni ya barabara, wamama wanalima wakiwa wameinama, wanapalilia wakiwa wamepiga magoti, kisha wanarudi nyumbani kwa njia ya mawe makali ya volkeno wakiwa na mzigo mgongoni na kamba kwenye paji la uso.

Kazi yote ya hapa inapita kwenye goti. Kwa hiyo mama mzee anayeshuka jiwe moja baada ya lingine akishika fimbo, au baba anayeshindwa kuinuka kwenye kigoda bila kusaidiwa, hashangazi mtu. Watu wanasema ni uzee, ni baridi ya mlima, na maisha yanaendelea.

Kuna wachache ambao familia imeuza ng'ombe, au mtoto aliye ng'ambo ametuma pesa, wakapelekwa kufanyiwa operesheni ya kuwekewa goti bandia. Wanarudi na kovu refu mbele ya goti, magongo mawili na mfuko wa dawa. Hapo ndipo wengi wanakosea. Familia inafikiri kazi imeisha kwa sababu muganga amemaliza kupasua. Lakini wiki 12 zinazofuata, ambazo mgonjwa anazipitia nyumbani, ndizo zinazoamua kama goti lile litakunjika au litabaki gumu kama mti.

Goti linachakaa namna gani

Mwisho wa mfupa wa paja na mwisho wa mfupa wa muundi vimefunikwa na gegedu, kitu laini na chenye kuteleza kinachozuia mifupa isisuguane. Kadiri miaka inavyoenda, gegedu hiyo inapungua. Kwa wengine inapungua haraka kwa sababu ya mizigo mizito, uzito wa mwili, jeraha la zamani, au kwa sababu ndugu katika ukoo walikuwa na shida ileile. Katika eneo kama Kibumba, ambalo limepigwa na vita mara nyingi, jeraha la zamani linaweza kuwa risasi au kipande cha bomu kilichopita karibu na kiungo.

Gegedu ikiisha, mfupa unagusa mfupa. Goti linauma wakati wa kutembea, baadaye linauma hata usiku. Linavimba, linapinda kwenda ndani au nje, na asubuhi linakuwa gumu. Hakuna sindano wala kidonge kinachorudisha gegedu iliyoisha. Dawa zinapunguza maumivu tu.

Katika operesheni, mpasuaji anaondoa sehemu nyembamba iliyoharibika kwenye miisho ya mifupa hiyo, na mahali pake anaweka vipande vya madini vyenye umbo la goti. Katikati anaweka plastiki ngumu inayofanya kazi ya gegedu. Mifupa mingine yote, misuli na ngozi vinabaki vya mgonjwa mwenyewe. Hili ni jambo la kukumbuka: kiungo ni kipya, lakini misuli inayokivuta ni ileile iliyodhoofika kwa miaka ya kuchechemea.

Goti hilo linaweza kudumu. Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la uganga The Lancet mwaka 2019 ulikusanya habari za wagonjwa wengi sana katika nchi tajiri, ukaonyesha kwamba karibu magoti 8 kati ya 10 yalikuwa bado yanatumika miaka 25 baada ya kuwekwa. Lakini kuna upande mwingine ambao mgonjwa anapaswa kuambiwa mapema: kati ya watu 100 wanaobadilishwa goti, kama 10 hadi 20 hawaridhiki, au wanaendelea kusikia maumivu. Anayeahidiwa kwamba atarudi kuwa kijana anadanganywa.

Njia ndefu ya kufika kwa mpasuaji

Goma si mji usiojua kutibu mifupa. Hospitali ya HEAL Africa ilianzishwa na Daktari Jo Lusi, mpasuaji wa mifupa, pamoja na mke wake Lyn Lusi, na kazi yao ilibidi kujengwa upya baada ya lava ya Nyiragongo kupita mjini Januari 2002. Hospitali ya CBCA Ndosho inajulikana kwa kupasua watu waliojeruhiwa na vita, kwa msaada wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Kituo cha Shirika la Umoja kimewasaidia wengi waliokatwa miguu kutembea tena kwa miguu bandia, na kina mafundi wa mazoezi ambao huku tunawaita kine.

Lakini kubadilisha goti zima kunadai vitu zaidi. Vinahitajika viungo vya saizi nyingi, chumba cha upasuaji kisicho na vijidudu, picha nzuri za radio, na timu iliyozoea operesheni hiyo. Ndiyo maana watu wa Kivu wenye uwezo wanatazama mbali: Kigali kwenye hospitali ya King Faisal, Dar es Salaam kwenye taasisi ya mifupa ya Muhimbili inayoitwa MOI, Kenya kwenye hospitali ya Kikuyu, au India. Ukijumlisha operesheni, safari, chakula na malazi ya anayemsindikiza mgonjwa, hesabu inafika maelfu ya dola. Kwa mkulima anayeuza mashu kwa gunia, hiyo ni mali ya miaka mingi.

Vita vimeongeza mzigo. Novemba 2022 mapigano yalipofika Kibumba, watu walikimbilia Kanyaruchinya, karibu na Goma, wakaishi chini ya shiti za plastiki. Mwezi Januari 2025 vita viliingia Goma yenyewe. Uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafunga milango, na aliyekuwa ameweka akiba ya matibabu hakuweza kuifikia. Mwezi uliofuata kambi za kuzunguka mji zilivunjwa, na watu wakarudi kwenye mashamba yaliyokuwa yamejaa magugu. Walirudi na magoti yaleyale, yakiwa yamelala chini kwenye mawe kwa zaidi ya miaka miwili.

Siku za kwanza: maumivu ni makali, na yana dawa

Hakuna haja ya kuficha. Goti lililobadilishwa linauma sana, na wengi wanasema siku za kwanza zinauma kuliko walivyotarajia. Mfupa umekatwa, na nyama zimevutwa. Maumivu yanakuwa makubwa zaidi katika wiki mbili za mwanzo, hasa usiku, kisha yanapungua pole pole. Kuvimba, ngozi kuwa nyeusi au ya rangi ya zambarau hadi kwenye kifundo cha mguu, na goti kuwa la moto ukiligusa, vyote vinaweza kuonekana bila kuwa na hatari.

Hata hivyo, siku ileile ya operesheni au kesho yake, wauguzi wanamwinua mgonjwa asimame. Familia inayomwona mama yao akitetemeka kwenye magongo inaweza kukasirika. Lakini kusimama mapema kunazuia damu isigande kwenye mishipa, kunasaidia mapafu, na kunaamsha misuli.

Kwa sababu hiyo dawa za maumivu zinatolewa kwa ratiba. Kosa la kawaida ni kusubiri hadi maumivu yawe makali ndipo mtu ameze kidonge. Maumivu yakishapanda juu, dawa inachelewa kuyashusha, na mazoezi ya siku ile yanapotea. Ni bora kumeza kwa masaa yaliyoandikwa kwenye fishi, na kumeza kipimo kimoja kama nusu saa hadi saa moja kabla ya mazoezi.

Parasetamoli ndiyo msingi. Mtu mzima asipitishe gramu 4 kwa masaa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mtu mwembamba sana au mwenye ugonjwa wa ini apewe kidogo zaidi. Ibuprofeni na diklofenaki zinasaidia kuvimba, lakini zinaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha tansio. Mzee mwenye tansio, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asizinunue mwenyewe kwenye farmasi. Tramadoli ina nguvu zaidi. Inaleta kizunguzungu, usingizi na kufunga choo, tena mtu anaweza kuizoea. Inatumika kwa siku chache alizoandika muganga, na haichanganywi na pombe, hata kasiksi.

Barafu inasaidia sana, ila Kibumba si kila mtu ana friji. Baridi ya mlima inaweza kufanya kazi hiyo. Maji ya mvua yaliyolala nje usiku yanakuwa baridi ya kutosha. Loweka kitambaa, kikamue, funika kidonda kwanza kwa plastiki safi ili kisilowe, kisha weka kitambaa juu ya goti kwa dakika 15 hadi 20. Rudia mara kadhaa kwa siku. Mgonjwa akilala, kisigino kiinuliwe kwenye mto au nguo zilizokunjwa, hadi mguu uwe juu ya kiwango cha moyo.

Mto usiwekwe chini ya goti lenyewe. Goti likilala limekunjwa kidogo linasikia raha, na ndiyo maana kila mgonjwa anaomba hivyo. Lakini likizoea hali hiyo, halitanyooka tena sawasawa, na mtu atachechemea maisha yake yote akiwa na goti jipya.

Huruma inayogandisha goti

Katika nyumba zetu, mgonjwa anaheshimiwa kwa kupumzishwa. Mama akitoka hospitalini, wakwe na wajukuu wanamwambia alale, wanamletea chakula kitandani, wanamchotea maji ya kunawa. Akijaribu kusimama, wanamrudisha. Akilia wakati wa kukunja goti, wanamwambia aache, atafanya kesho. Yote hayo ni upendo, na ndiyo yanayoweza kuharibu kazi ya mpasuaji.

Ndani ya goti lililopasuliwa, mwili unatengeneza makovu. Goti likikunjwa na kunyooshwa kila siku, makovu hayo yanabaki laini. Likiachwa bila kusogea, yanakaza na kushikana. Katika wiki sita za kwanza bado yanaweza kuvutwa. Yakipita miezi mitatu, mambo yanakuwa magumu, na wakati mwingine mgonjwa inabidi arudishwe hospitalini, alazwe usingizi, goti lake likunjwe kwa nguvu na waganga. Kwa mtu wa Kibumba, kurudi huko ni safari nyingine, mpaka mwingine na pesa nyingine ambazo hazipo.

Mazoezi yenyewe hayahitaji mashine. La kwanza ni kulala chali, kukaza misuli ya paja na kusukuma nyuma ya goti chini kwenye godoro, kuhesabu hadi tano, na kulegeza. La pili ni kuburuta kisigino kuelekea matako polepole, kufika mahali panapouma, kungoja kidogo pale, kisha kuongeza kidogo. La tatu ni kukaa kwenye kiti, kuacha mguu uning'inie, na kutumia mguu mzima kuusukuma ule mwingine nyuma. La nne ni kuinua mguu ukiwa umenyooka. Kila zoezi linarudiwa mara 10, mara tatu au nne kwa siku. Katikati ya hayo, mgonjwa anatembea ndani ya nyumba au uwanjani, mara nyingi lakini kwa muda mfupi.

Lengo la wengi ni kufikia pembe ya digrii 90, kama kona ya meza, katika wiki chache za mwanzo, na goti kunyooka kabisa. Bila digrii 90, kuinuka kwenye kiti ni shida na kupanda ngazi ni shida. Anayeendelea vizuri anafika digrii 110 au 120.

Maumivu wakati wa mazoezi yanakubalika kama yanatulia baada ya nusu saa au saa moja. Yakibaki makali hadi kesho yake na goti likavimba zaidi, basi siku ile alizidisha. Apunguze kidogo, lakini asiache. Mjukuu mmoja akipewa kazi ya kuhesabu mara 10 na kuandika kwenye daftari, hiyo ni huruma yenye faida kuliko sahani ya chakula kitandani.

Choo, kitanda na njia ya mawe

Karatasi ya mashauri inayotolewa hospitalini mara nyingi imeandikwa kwa ajili ya nyumba yenye choo cha kukalia, bafu na sakafu laini. Kibumba ni tofauti. Mwaka 1994, wakimbizi walipowekwa hapa kwa mamia ya maelfu, maji yalibidi kuletwa kwa malori na mwamba wa volkeno ulikuwa mgumu hata kuchimba vyoo. Mwamba ni uleule leo, na maji bado ni ya kutafuta.

Shida ya kwanza ni choo cha kuchuchumaa. Goti lililobadilishwa halichuchumai, na mgonjwa akijaribu anaweza kuanguka. Dawa yake ni kiti cha mbao chenye tundu katikati na mikono miwili ya kushika, kinachowekwa juu ya shimo la choo. Fundi anayechonga chukudu anaweza kukitengeneza, na inafaa kiagizwe kabla mgonjwa hajasafiri kwenda kupasuliwa. Akirudi kikiwa bado hakijatengenezwa, ataanza kunywa maji kidogo na kula kidogo ili asiende chooni, na tramadoli tayari imemfunga.

Kitanda kiwe cha juu, matako yanapokaa yawe juu kidogo ya goti. Godoro la chini sakafuni lisitumike kwa miezi ya kwanza. Vigoda vifupi vya jikoni viwekwe kando, na kupika kufanyike mtu akiwa kwenye kiti, mafiga yakiinuliwa juu ya mawe au meza imara. Ndani ya nyumba ya mbao, ubao uliolegea upigiliwe misumari. Nje, mawe makali kati ya mlango na choo yaondolewe na njia ifunikwe kwa changarawe laini. Usiku, taa iwe karibu. Mtu aliyeanguka wiki ya tatu anaweza kuvunja mfupa kando ya kiungo kipya, na hiyo ni operesheni nzito kuliko ya kwanza.

Ngazini na kwenye mawe kuna kanuni rahisi: kupanda, tanguliza mguu mzima, kushuka, tanguliza mguu uliopasuliwa pamoja na gongo. Gongo lenye mpira ulioisha chini linateleza kwenye mwamba uliolowa mvua. Kipande cha tairi la pikipiki kikikatwa vizuri kinatosha kulivisha.

Kupiga magoti ni swali ambalo wamama wengi wanauliza, kwa ajili ya shamba na kwa ajili ya sala. Kidonda kikishapona na miezi kadhaa kupita, kupiga magoti polepole juu ya kitu laini hakuvunji kiungo, lakini wengi wanasikia vibaya, na ngozi ya upande wa kovu inaweza kubaki bila hisia. Kanisani mtu anaweza kusali akiwa amekaa. Shambani, ni bora jembe lenye mpini mrefu, na kupalilia ukiwa kwenye kiti kidogo cha kuhamisha.

Kubeba mzigo wa viazi mgongoni si kazi ya goti bandia tena, hata mwaka ukipita. Familia izungumze juu ya hilo kabla ya operesheni, kwa sababu inabadilisha nani analima na nani anabeba nyumbani. Kazi nyepesi za kusimama na kutembea zinarudi kati ya wiki 6 na 12. Kuvimba kidogo jioni kunaweza kuendelea kwa miezi 3 hadi 6, na goti linaendelea kuwa bora hadi mwaka mzima.

Dalili zisizosubiri asubuhi

Nyuzi za kidonda zinaondolewa kama baada ya siku 10 hadi 14, kwenye kituo cha afya chenye vyombo safi. Kabla ya hapo kidonda kinabaki kikavu na kimefunikwa. Kisipakwe majivu, majani yaliyopondwa wala samli, na mtu asikikande kwa maji ya moto. Vijidudu vikiingia hadi kwenye madini, dawa za kawaida haviviui kwa urahisi, na mara nyingi goti lote linaondolewa.

Mgonjwa apelekwe kwa muganga haraka akiwa na homa na kutetemeka, usaha au maji yasiyokoma kwenye kidonda, wekundu unaopanuka, au maumivu yaliyokuwa yamepungua yakarudi ghafla kwa nguvu. Hata miaka mingi baadaye, jino lililooza au jipu likiachwa linaweza kupeleka vijidudu kwenye goti kupitia damu. Kwa hiyo kila muganga atakayemtibu aambiwe kwamba ana goti bandia.

Hatari nyingine ni damu kuganda. Shavu la mguu likivimba, likawa gumu na kuuma likiguswa, hiyo ni dalili. Mtu akipata ghafla shida ya kupumua au maumivu ya kifua, damu iliyoganda inaweza kuwa imefika kwenye mapafu, na hapo masaa yanahesabiwa. Dawa za kuzuia damu isigande zinamezwa hadi siku ya mwisho iliyoandikwa, hata mgonjwa akijisikia mzima. Katika safari ndefu ya gari kurudi nyumbani, asimamishe gari kila saa moja, ashuke, atembee hatua chache, na akiwa amekaa aendelee kuchezesha vifundo vya miguu.

Kwa kuwa hakuna ajuaye barabara itafungwa lini, fishi ya operesheni, picha ya radio na orodha ya dawa vikae ndani ya plastiki moja, karibu na mlango, pamoja na dawa za wiki mbili. Waliokimbia mwaka 2022 wengi waliondoka na walichoweza kushika mkononi. Mgonjwa akifika mahali pengine bila karatasi, muganga mpya hatajua kiungo gani kimewekwa wala dawa gani zilikuwa zimeanzishwa. Picha ya karatasi hizo kwenye simu ya mtoto ni akiba nzuri.

Na asiyefika kwa mpasuaji?

Walio wengi Kibumba hawataona operesheni hii. Hilo halimaanishi kwamba hawana la kufanya. Mwaka 2015 waganga wa Denmark walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 100 wenye magoti yaliyochakaa kiasi cha kupasuliwa. Nusu walibadilishwa goti kisha wakapewa mazoezi na mashauri; nusu nyingine walipewa mazoezi, mashauri ya uzito, soli za kuweka ndani ya viatu na dawa tu. Waliopasuliwa walipata nafuu kubwa zaidi. Lakini kati ya 50 waliobaki bila kupasuliwa, ni 13 tu waliofanyiwa operesheni kabla ya mwaka kwisha. Wengine walipata nafuu ya kutosha kuendelea.

Mazoezi hayo ni yaleyale ya kukaza paja na kunyoosha mguu, pamoja na kuinuka na kukaa kwenye kiti bila kutumia mikono. Kwa mtu mnene, kila kilo moja anayopunguza inaondoa karibu kilo nne za mzigo kwenye goti katika kila hatua. Fimbo inashikwa kwa mkono wa upande usiouma, tofauti na wengi wanavyofanya. Viatu vyenye soli nene ni bora kuliko ndala kwenye mawe. Mzigo mmoja mkubwa ugawanywe kuwa miwili, au upewe chukudu.

Cha kuogopa ni vidonge visivyo na jina vinavyouzwa sokoni kama dawa ya viungo. Baadhi ya dawa za namna hiyo huwa na kotizoni ndani, na ndiyo maana zinaonekana kufanya miujiza kwa siku chache. Zikitumika kwa miezi, zinapandisha sukari na tansio, zinalegeza mifupa na kupunguza kinga ya mwili.

Kwa aliyekwisha kubadilishwa goti, habari njema inakuja polepole. Kwa kawaida wiki mbili za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote, na wengine hapo wanajuta. Wiki ya sita wanalala usiku. Mwezi wa tatu gongo linabaki nyuma ya mlango. Siku moja mama anagundua kwamba amefika barabarani, mahali chukudu zinapopakia, bila kufikiria goti lake njiani. Kufika hapo kunategemea dawa zilizomezwa kwa saa yake, kiti kilichowekwa chooni kwa wakati, na mtu wa nyumbani aliyemhesabia hadi kumi, mara tatu au nne kwa siku, hata siku alizolia.